Pipi za Shangazi

Ijumaa alasiri Chiriku hakuhitaji saa. Akishatua begi, akavua viatu vya shule na kufua soksi zake kama mama alivyomzoesha, alikaa kizingitini akisikiliza geti. Geti lao lilikuwa na kutu, na kila mtu alilifungua kwa namna yake. Mama alilisukuma kwa bega kwa sababu mikono yake haikukosa mizigo. Mpangaji wa chumba cha mbele alilipiga teke. Shangazi peke yake ndiye aliyelinyanyua kidogo kwanza, likafunguka bila kupiga kelele.

"Shikamoo shangazi!"

"Marahaba, kasuku wangu. Fumba macho, fumbua mkono."

Ndipo zilipomwangukia kiganjani, tatu au nne, pipi zilizofungwa kwa karatasi ya dhahabu iliyosokotwa ncha zote mbili. Shangazi alifanya kazi kwenye supamaketi ya mjini, na hakukuwa na pipi ghali kuliko hizo katika duka lote. Mama, ambaye alikuwa hajawahi hata kuzigusa, alichungulia kutoka jikoni na kulalamika kama ilivyokuwa desturi yake.

"Wifi, meno ya huyu mtoto yakioza utamlipia wewe."

"Yakioza nitamtafunia," shangazi alijibu, wakacheka wote watatu.

Sharti lilikuwa moja tu. Karatasi zisitupwe, Chiriku azikusanye na kumrudishia shangazi, kwa kuwa alizitengenezea maua. Na kweli, chumbani kwa shangazi, juu ya meza ndogo yenye kitambaa cha plastiki, palikuwa na ua la dhahabu ndani ya chupa. Lilikuwa ua moja. Kama Chiriku angekuwa mtu wa kuhesabu, angejiuliza karatasi za mwaka mzima zimekwenda wapi. Lakini hakuwa mtu wa kuhesabu, alikuwa mtu wa kusema. Jina lenyewe la Chiriku alipewa na mwalimu wa darasa la pili, aliyemhamisha dawati mara tano kwa sababu ya maneno, na sasa yuko darasa la sita jina bado limemganda.

Mara moja tu alisema jambo kwa kuandika. Ijumaa hiyo shangazi alirudi amechoka hata viatu akavivulia uani, lakini pipi hakusahau. Chiriku alimwonea huruma. Akachukua karatasi moja, na upande wake wa ndani, ule mweupe, akaandika kwa kalamu: "Asante shangazi. Nakupenda kuliko pipi." Akaichanganya na nyingine, akamrudishia. Alingoja wiki nzima asikie shangazi atasema nini. Shangazi hakusema kitu. Chiriku akajiambia kwamba watu wazima nao huona haya.

Vita ya pipi ilianza shuleni, wakati wa mapumziko. Rula, mwenzake wa dawati, alitoa pakiti ya bluu na kuanza kuwagawia wenzake. Rula aliitwa hivyo kwa urefu wake, na pia kwa tabia ya kupima kila kitu, tangu daftari hadi mkia wa paka wa mlinzi. Pipi za pakiti ya bluu ndizo zilizokuwa za bei ya chini kabisa pale supamaketi. Hazikuwa na jina wala picha, ila neno "PIPI" tu, kana kwamba mnunuzi angeweza kudhani ni misumari.

"Karibu," Rula akamwambia.

"Mimi? Hizo?" Chiriku alirudisha mkono nyuma. "Hizo si pipi, ni sukari iliyopata ajali. Mimi nala za dhahabu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Watoto wakacheka. Rula hakucheka. "Umewahi kuzionja?"

"Sihitaji. Shangazi yangu anafanya kazi hapo hapo, anajua kila kitu."

"Anafanya kazi gani?"

Hapo ndipo ulimi ulipoteleza. Shangazi alikuwa anapanga bidhaa kwenye rafu. Alivaa aproni ya kijani, akapanda ngazi, akainama, akabeba maboksi. Lakini watoto kumi walikuwa wamemtumbulia macho, na maneno "anapanga rafu" yakaonekana madogo mno.

"Ndiye meneja," Chiriku alisema.

Neno likatoka, likapendeza, na hakulirudisha. Wiki hiyo yote aliitwa mpwa wa meneja, na akaitika.

Ubishi wa dhahabu na bluu uliingia mpaka darasani, ukamkuta mwalimu wa Sayansi akitafuta jaribio la kupeleka kwenye maonyesho ya shule zote. Mwalimu huyo alikuwa mama mmoja mpole mwenye vumbi la chaki hadi kwenye kope. Aliwasikiliza kidogo, kisha akagonga meza.

"Mnabishania kwa midomo jambo linalotaka ulimi," alisema. "Tutapima. Mtafungwa macho, mtaonja zote mbili, mtasema ipi ni ipi na ipi tamu zaidi. Hilo ndilo jaribio letu. Na atakayesimama kulieleza mbele ya shule zote ni Chiriku, maana maneno Mungu amempa."

Darasa likapiga makofi. Chiriku alikuwa hajawahi kuchaguliwa kwa ajili ya maneno yake. Siku zote aliadhibiwa kwa ajili hiyo. Jioni ile alifanya mazoezi ya hotuba mbele ya ndoo ya maji mpaka mama akamwomba amwonee huruma.

Siku ya kupima ilikuwa Jumatano. Mwalimu alikuwa amenunua pakiti moja ya kila aina, lakini pakiti ya dhahabu ilikuwa na pipi chache na wanafunzi walikuwa wengi. Chiriku alijitolea bila kuombwa. Alikuwa ameweka akiba pipi zake nne za Ijumaa, akazitoa mfukoni na kuzimwaga mezani kwa mwalimu kwa madaha, kama bibi arusi anayeonyesha pete.

"Rula, zifungue," mwalimu alisema. "Za dhahabu weka sahani hii, za bluu weka ile. Wengine geukeni, msione."

Wakageuka. Nyuma yao walisikia karatasi zikichakarika. Zilichakarika, zikanyamaza. 

"Mwalimu," Rula akasema, "hapa kuna kitu."

Wote wakageuka tena. Ni nani angeweza kujizuia? Kwenye sahani ya dhahabu, pipi zote za mwalimu zilikuwa na nyota ndogo iliyogandamizwa katikati. Zile nne za Chiriku hazikuwa na nyota. Zilikuwa na mistari miwili. Rula, kwa kuwa ndiye Rula, alitoa rula yake akapima moja, akapima ya sahani ya bluu, akaziweka sambamba. Zililingana kwa upana, kwa rangi, kwa mistari.

"Ni za bluu," alisema polepole. "Zimefungwa kwa karatasi ya dhahabu."

Chiriku alitaka kusema ni uongo. Lakini alikumbuka kwamba zile za mwanzo kabisa, mwaka jana, zilikuwa na nyota. Alizoea kuitafuta nyota kwa ncha ya ulimi kabla pipi haijayeyuka. Iliacha kuwepo lini? Na yeye, mjuzi wa pipi, ilikuwaje asigundue?

Rula alikuwa bado ameshika karatasi moja, akaigeuza. Uso wake ukabadilika. "Mwalimu, hii ina maandishi."

Mwandiko wa Chiriku darasa zima liliujua, kwa sababu herufi zake ziliegemea mbele kama watu wanaokimbia mvua isiwakute. "Asante shangazi. Nakupenda kuliko pipi."

Darasa likalipuka. "Kumbe anafunga mwenyewe!" "Anakula za bluu kama sisi, kisha anatutambia!" "Mpwa wa meneja!"

Chiriku hakuwasikia vizuri. Alikuwa anaitazama karatasi ile. Aliiweka kwa mkono wake mwenyewe katika mkono wa shangazi. Sasa imerudi, imeizunguka pipi ya bluu, na maneno yake yamo ndani kama yalivyokuwa. Shangazi hakuona haya. Shangazi hakuyasoma. Alichukua karatasi, akamdanganya nayo yeye mwenyewe aliyeiandika. Mtu aliyemwamini kuliko wote duniani alikuwa akimwambia "fumba macho" kila Ijumaa, naye akafumba.

"Chiriku, eleza," mwalimu alisema.

Angeweza kueleza kwa sentensi moja. Lakini sentensi hiyo ingemvua shangazi nguo mbele ya watoto thelathini, na pamoja na hasira yote hiyo Chiriku hakuweza kuitoa. Kwa mara ya kwanza tangu darasa la pili, alinyamaza.

"Basi nitangoja hadi kesho," mwalimu alisema kwa sauti isiyo ya ukali, jambo lililouma zaidi. "Anayesimama kueleza jaribio ni lazima tumwamini. Usiponieleza, Rula ndiye atakayekwenda maonyesho."

Kengele ya mwisho ilipolia, Chiriku hakwenda nyumbani. Alikwenda supamaketi.

Alimkuta shangazi katika njia ya tano, amepiga magoti sakafuni, aproni ya kijani imefungwa kiunoni, anapanga pakiti za bluu kwenye rafu ya chini kabisa. Alizivuta za zamani mbele na kuzisukuma mpya nyuma, haraka haraka, bila kutazama. Pipi za dhahabu zilikaa juu, usawa wa macho ya mtu mzima, zikimulikwa na taa yao peke yao.

"Kasuku wangu! Umefuata nini huku?"

Chiriku alimpa karatasi. Mwalimu alikuwa amemwachia.

Shangazi aliisoma. Mwanzoni alitabasamu, kisha akaelewa inatoka wapi, tabasamu likafa. Aliinuka, magoti yakalia, akamshika mkono, wakatoka kwa mlango wa nyuma hadi mahali wafanyakazi walipokunjia maboksi matupu. Palinuka sabuni na karatasi iliyolowa.

"Sasa wewe nawe," shangazi alianza kwa kuchekesha, "pipi ni pipi, mradi ni tamu..."

"Usinichekeshe!" Sauti ya Chiriku ilipasuka. "Umenidanganya mwaka mzima. Darasa zima linasema nimefunga mimi. Nimeitwa tapeli. Na hata hukuisoma! Niliandika, nikangoja, hata hukuisoma!"

Shangazi alikaa juu ya rundo la maboksi. Kwa muda alikuwa akiilainisha ile karatasi juu ya goti lake kwa kidole gumba, na Chiriku akaona jinsi kidole kile kilivyozoea kazi hiyo.

"Za kwanza zilikuwa za kweli," shangazi alisema. "Pakiti ikipasuka, tuliruhusiwa kugawana zilizobaki. Kisha akaja mkubwa mpya, akapiga marufuku. Ijumaa hiyo nilikuja mikono mitupu, nikakukuta umekaa kizingitini umeshafumba macho. Sikuwahi kuona mtu akinisubiri hivyo. Nikakwambia nimesahau. Ulilia, unakumbuka? Ijumaa iliyofuata nikanunua za bluu, karatasi nilikuwa nazo. Nikajiambia wiki ijayo nitamweleza. Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo."

"Ungenipa za bluu tu."

"Ungezipokea?"

Chiriku alijua jibu, akalichukia.

"Haidhuru," shangazi alisema. "Kosa ni langu, si lako. Uongo niliufunga kwa mikono yangu, na aibu umeibeba wewe. Kesho kabla ya zamu nitakuja shuleni nimweleze mwalimu na wenzako."

Chiriku aliruka kana kwamba amekanyaga moto. "Hapana! Usije!"

"Kwa nini? Si nataka kukusafisha jina?"

"Wewe usije tu. Andika barua."

Shangazi alimtazama sana, lakini msimamizi alikuwa anamwita kutoka ndani, rafu za maziwa ni tupu. Aliifunga aproni upya. "Jambo kama hili halisemwi kwa barua," alisema, akarudi kazini.

Usiku huo Chiriku alilala vibaya. Alikuwa na hasira na shangazi, na wakati huo huo alimwogopa, na vitu hivyo viwili havikai vizuri kwenye godoro moja.

Asubuhi shangazi alikuja kama alivyoahidi, na alikuja na aproni yake, kwa kuwa angepitiliza kazini. Mwalimu alimkaribisha mbele ya darasa. Alisimama karibu na ubao, mikono iliyozoea kuinua maboksi mazito imeshikana kama ya mwanafunzi.

"Zile pipi nilizifunga mimi," alisema. "Mtoto hakujua. Nilitaka anione mkubwa. Nilimdanganya kila Ijumaa, na jana mmemcheka kwa kosa langu. Naomba mnisamehe, na kwanza yeye anisamehe."

Darasa likatulia. Watoto hawakuwa wamezoea kuombwa msamaha na mtu mzima, na wengi walitazama madawati yao. Kisha mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha kidole. Hakuwa na ubaya, alitaka kujua tu.

"Samahani mama. Wewe ndiye meneja wa supamaketi?"

Shangazi alifungua mdomo kujibu, akasita. Aliyatazama yale macho ya watoto thelathini na zaidi yaliyokuwa yakiikagua aproni yake, kisha akamtazama Chiriku. Chiriku aliona kabisa dakika ambayo shangazi aligundua. Kumbe ndiyo maana "usije". Hakukasirika. Kitu fulani usoni mwake kilishuka tu, kama mtu anayetua mzigo mahali asipopapenda, na Chiriku akautambua uso huo kwa sababu jana ulikuwa wake.

Shangazi hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Aliinamisha kichwa na kulainisha mfuko wa aproni. Alikuwa tayari kunyamaza ili kumfichia, kama Chiriku alivyomfichia yeye jana.

Chiriku akasimama. Kiti kilianguka nyuma yake, hakukiinua.

"Si meneja," alisema. "Anapanga rafu. Siku nyingine anaanza kazi kabla duka halijafunguliwa. Yeye hajasema uongo huo, nimesema mimi. Niliona kazi yake ni ndogo, nikaipa jina jingine." Akamgeukia shangazi. "Shangazi, nisamehe. Nimekuvunjia heshima, tena ulikuwa hata hupo."

Hakuna aliyecheka. Rula aliinama, akakiinua kile kiti polepole na kukisimamisha.

"Niliumia jana ulipokuja na ile karatasi," shangazi alisema. "Leo nimeumia zaidi. Lakini umesimama. Wengine wangeniacha hapa peke yangu."

Mwalimu alipangusa kope zake, na chaki ikawa nyingi zaidi. Kisha akaweka sahani mbili mezani, safari hii pipi, pamoja na za pakiti ya pili ya dhahabu aliyoongeza, alizifungua mwenyewe, akatoa mtandio wake kufungia macho. Jaribio likafanyika. Mmoja mmoja walionja, na mwalimu akaandika ubaoni. Waliozitambua pipi ghali walikuwa kumi na wawili tu kati ya thelathini na watatu, na wengi waliozisifu kwa utamu walikuwa wanatafuna za bluu. Rula aliapa kwamba yake ni ya bluu, ikawa ya nyota. Chiriku aliuzungusha ulimi, akaitafuta nyota, akadhani ameipata, akasema "dhahabu". Ilikuwa ya bluu. Hapo darasa lilicheka, naye akacheka nao, ingawa machozi yalikuwa hayajakauka.

"Nani atakwenda maonyesho, mwalimu?" Rula aliuliza.

"Mtakwenda wawili. Wewe utapima, yeye ataeleza." Mwalimu alimgeukia Chiriku. "Na utaeleza yote, hata jinsi jaribio la kwanza lilivyoharibika. Watoto wangu, mtu akikupa kitu cha bei nafuu na akakiita kwa jina lake, hajakukosea. Na mtu anayepanga rafu hana upungufu wowote. Aibu inaingia pale tunapokificha kitu tulicho nacho, au mtu tuliye naye, tukakivalisha jina la kingine. Hapo tunamkosea hata yule tunayempenda, tena yeye ndiye huumia kwanza."

Chiriku alimsindikiza shangazi mpaka langoni. Siku nyingine wangeshikana mikono. Siku hiyo kila mmoja alitembea na mikono yake.

"Bado nina hasira na wewe," Chiriku alisema.

"Najua. Mimi pia ninayo kidogo."

"Itaisha lini?"

"Sijui, mwanangu. Ila tusifanye imeisha kabla haijaisha. Tumeshadanganyana vya kutosha."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Shangazi alivuka barabara kwenda kazini, na kundi la watoto waliochelewa likampita Chiriku likikimbilia darasani. Mmoja wao alisimama akauliza yule mama mwenye aproni ni nani.

"Ni shangazi yangu," Chiriku alisema. "Anapanga rafu pale supamaketi." Alibaki langoni akimtazama mpaka alipokata kona.